Mume wa Redio

Katika duka lile la dobi hakuna aliyeshika pasi asubuhi kabla ya kuuliza, "Redio, leo tunasikiliza nini?"

Redio alikuwa mpiga pasi wa meza ya dirishani. Jina hilo alipewa na marehemu mama mkwe wake mwanzoni mwa ndoa, na wala si kwa mapenzi. Bibi yule alilalamika kwa majirani kwamba mwanawe kaoa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Jina la utani ukilikasirikia ndipo linaganda, kwa hiyo mwenyewe aliamua kulipenda. Sasa hata wateja walimwita hivyo, na wapo waliokuja kuacha suti wakaondoka na podikasti ya kusikiliza njiani.

Watu wengi hupendekeza podikasti kama wanaokutupia mfupa. "Sikiliza hii, nzuri." Nzuri kivipi, hawasemi. Redio alikuwa fundi wa jambo hilo. Alipendekeza kwa kuangalia kazi na kwa kuangalia mtu. Vijana wawili wanaobishana kuhusu mpira na siasa walikuwa wa mashuka ya nyumba za wageni, maana shuka halihitaji akili. Yule bwana wa historia, anayeongea polepole kama anayetafuta pesa iliyoanguka, alikuwa wa mashati ya kola ngumu. Aliyefiwa alionywa mapema: "Wewe hiyo iache kwanza, kuna mtu anakufa katikati. Nitakupa ya mapishi." Na mwisho wa kipindi hakuusema hata ungemshikia fimbo.

Kipenzi chake kilikuwa "Jirani Kasema." Mkunga mmoja mstaafu alikaa uani kwake, akasimulia ugomvi wa majirani bila kuwataja, kisha akautolea hukumu. Tatizo la uani pale lilikuwa jogoo. Jogoo yule hakuwa na adabu hata chembe. Aliwika palepale hukumu ilipokuwa inataka kutoka, si mara moja, na mkunga akamfokea, akamtishia sufuria, akaendelea. Wasikilizaji walimpenda kuliko mwenye kipindi. Pale dukani akiwika, pasi zote zilisimama na wanawake wakacheka mpaka mwenye duka akachungulia.

"Na shemeji yetu bado anakaa kukusikiliza?" mwenzake wa meza ya pili alimuuliza siku moja, akinyunyiza maji kwenye suruali.

"Kila jioni," Redio akajibu.

"Wangu nikifungua mdomo anakumbuka kwenda kununua vocha."

Wakacheka. Redio naye akacheka, lakini ndani yake aliona fahari ambayo mtu huificha kama nyama kwenye ugali. Maana mumewe, ambaye kwa miaka mingi neno lake la jioni lilikuwa "punguza," siku hizi alikuwa mtu mwingine.

Mumewe alikuwa mpasuaji katika kiwanda cha mbao. Kuanzia mvua zilizopita alikuwa akifika nyumbani, anaoga, anatoa unga wa mbao masikioni, kisha anavuta kigoda mbele ya mkewe. "Haya, leo umesikiliza nini?" Redio akianza kusimulia huku anachambua mboga, mume humwambia, "Geuka huku kwenye mwanga, nikuone." Basi anageuka. Mume anamtazama bila kupepesa. Akiziba mdomo kwa kucheka, anamshusha mkono taratibu. Anauliza nani alisema, nani akajibu, mkunga kahukumu vipi.

Mwanamke wa umri wake, mwenye mikono iliyochomwa na pasi, akitazamwa hivyo na mume wa miaka yote hiyo, unadhani atafikiri nini? Alifikiri anapendwa upya. Alianza kupaka mafuta midomoni kabla mume hajafika.

*

Kiwandani kwa mume nako podikasti zilikuwa na sheria zake. Zamani wakati wa chai walibishana kuhusu mpira, mpaka siku wawili waliporushiana vikombe na msimamizi akapiga mpira marufuku. Ndipo ikaja desturi ya kupendekezana. Kila wiki mmoja anapendekeza, wenzake wanasikiliza majumbani, kisha wanamkalia kikao. Akileta takataka, anaosha vikombe vya wote mpaka mwingine akosee. Mume wa Redio hakuwa ameosha kikombe tangu mvua zile. Walimwita Mchambuzi.

Habari hizo Redio alizipata kwa Bonge, Jumapili mchana, Bonge alipopita kusalimia. Bonge alikuwa mtu mwembamba kama ufito, na ndiye mvutaji wa mumewe: mume anasukuma gogo kwenye msumeno kutoka mbele, Bonge anapokea ubao na kuuvuta kwa nyuma. Walifanya kazi hivyo miaka mingi, watu wawili wenye msumeno mmoja katikati. Siku hiyo mume alikuwa nyuma ya nyumba akirekebisha mlango, na Bonge alikaa ndani na glasi ya maji, mguu juu ya mguu, kama mtu wa nyumbani.

"Shemeji, nimekuja kukushukuru. Ile Jirani Kasema aliyotuletea Mchambuzi imeniokolea ndoa. Mke wangu sasa ananisikilizisha kwa lazima."

"Mmefika kipindi gani?"

"Cha wale waliogombea ukuta. Lakini shemeji, mumeo ana vituko! Nilimwambia, 'Yule jogoo juzi nusura aue kesi.' Akanitazama hivi. 'Jogoo gani?' Anasema jogoo gani!" Bonge akapiga paja. "Tukacheka mpaka chai ikapoa. Kesi zote anazijua, hukumu anazijua, jogoo hamjui. Wakasema huyu anasikilizia mdomoni kwa mkewe."

Redio akacheka nusu. Nusu nyingine ilikwama.

"Atakuwa alikutania," akasema.

"Si ndiyo maana nasema ana vituko. Siku hizi hata kazini mzaha umemzidi. Ubao ukikwama kule nyuma, napiga filimbi asimamishe mashine nipate kuutoa. Hasimamishi ng'o, mpaka nimnyanyulie mkono. Napiga filimbi, yeye anasukuma tu. Nikamwambia, bwana mkubwa, iko siku nitakuwa sina mkono wa kunyanyua!" Akacheka tena, akamaliza maji yake, akarudisha glasi mezani. "Haya shemeji, na wiki hii utupe nyingine."

Redio alimsindikiza mpaka mlangoni. Aliagana naye vizuri, akamtumia salamu mkewe, akafunga mlango. Kisha akaichukua ile glasi mezani, akasimama nayo ukumbini. Hakuna mtu aliyewahi kusikiliza Jirani Kasema akakosa kumsikia jogoo. Yeye mwenyewe hakuwahi kumsimulia mumewe habari za jogoo, kwa sababu ni jambo la kusikia, halina usimulizi.

Alichukua simu, akafungua kipindi cha ukuta, akaongeza sauti mpaka mwisho, akatoka nyuma ya nyumba. Mume alikuwa amempa mgongo, anapiga randa ubavu wa mlango. Mkunga alikuwa akinguruma hukumu, jogoo akawika kama anayechinjwa, na kuku wa jirani wakainua vichwa kutafuta ni nani huyo. Mume akapuliza maranda kwenye randa, akaendelea na kazi yake. Jogoo akawika tena. Redio alisogea mpaka akawa anaweza kumgusa bega. Randa ilikwenda, ikarudi.

Kilichomgeuza mume kilikuwa kivuli cha mkewe kwenye ubao. Akatabasamu kwanza. Kisha akaiona simu, akauona uso, na tabasamu likaondoka.

"Jogoo anawika," Redio akasema.

Mume akaweka randa chini.

"Ulianza lini kutosikia?"

"Sauti nyembamba ndizo zilizoondoka kwanza," akasema. Aliongea akitazama maranda. "Ndege. Birika likichemka. Filimbi. Sauti za wanaume nazipata nikiwa karibu. Watu wakiwa wengi nasikia mvumo tu, najua mtu anaongea, sijui anasema nini."

Mume alipoinua macho, Redio akauliza, "Na mimi?"

"Wewe nakuona."

"Kwa hiyo zile jioni zote. 'Geuka kwenye mwanga.'"

"Nilikuwa nasoma midomo."

Redio akajikuta amejifuta midomo kwa kiganja. Aliona haya, haya ya mtu aliyejipamba akaenda kwenye sherehe ambayo hakualikwa. Laiti mume angemwambia ana mwanamke mwingine, angejua pa kuanzia kulia.

"Ningefanyaje?" mume akasema. "Pale kwenye chai nisipokuwa na la kusema, watajua. Ukimya wangu wa zamani walishauzoea, lakini siku hizi mtu akiniuliza jambo nisijibu, wanauliza mara ya pili. Nikaona heri niwe mimi ninayesema. Anayesema haulizwi sana."

"Na Bonge?"

"Bonge namwangalia mkono. Kila ubao ukipita, naangalia mkono wake."

"Na siku usipoangalia?"

Swali hilo mume alilisoma vizuri kabisa, akarudisha macho kwenye maranda.

"Mpasuaji asiyesikia anapewa ufagio," akasema mwishowe. "Au anapewa mlango. Binti amebakiza mwaka mmoja shuleni. Akimaliza tu, nitasema mwenyewe. Nakuomba, Mama Watoto. Wewe unayesema kila kitu, hili moja usiliseme."

*

Basi Redio akanyamaza. Tena alinyamaza kwelikweli, mpaka wenzake pale dukani wakadhani ana homa. Asubuhi walipouliza leo tunasikiliza nini, aliwaambia wachague wenyewe. Wakachagua mahubiri, wakajuta.

Nyumbani ukimya wake ulikuwa na meno. Kigoda kilivutwa mbele yake jioni, naye akainuka akaenda jikoni. Alipotaka kumwambia mumewe chakula tayari, alisema akiwa amempa mgongo, anageuza kitu kwenye jiko ambacho hakikuhitaji kugeuzwa. Alijua anachofanya. Hakuna ukatili unaoumiza kama ule unaofanywa na mtu anayekujua, na Redio, mama wa watu, mcheshi wa mtaa, aligundua kwamba anauweza.

Wiki hiyo mume alifika kwenye chai mikono mitupu. Akapendekeza kitu alichokiona kwenye tangazo, wenzake wakasikiliza, wakakuta ni watu wanauza dawa za nywele. Akaosha vikombe. Alirudi nyumbani vidole vimekunjamana kwa maji.

"Mama," binti yao akasema jioni ile, mume alipokwenda kuoga. "Baba hasikii ukimwambia hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Ukiwa umempa mgongo."

Redio akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Wewe umejua lini?"

"Zamani. Mimi nikimwita nagonga meza kwanza, anahisi."

"Zamani, na hukuniambia?"

Binti akacheza na ncha ya sare yake ya shule. "Ulikuwa na furaha, mama," akasema.

Maneno hayo yalimchoma kuliko pasi yoyote. Mtoto wa shule alikuwa ameona. Yeye aliyelala kitanda kimoja na mtu huyo hakuona, kwa sababu alikuwa anasikilizwa, na mtu anayesikilizwa hahoji. Nyani haoni kundule. Alimhukumu mumewe kwa kumtumia, na yeye je? Lini mara ya mwisho alimuuliza mume swali akangoja jibu?

Hata hivyo hakusema lolote kwa mtu. Kila alipotaka kusema aliuona mwaka mmoja wa binti, akameza. Na kila asubuhi mume alipofunga mlango kwenda kiwandani, aliwaza mkono wa Bonge.

*

Ujumbe wa Bonge uliingia Alhamisi, kabla ya saa ya chai. Ulikuwa wa sauti. Redio alivaa hedifoni, akaendelea na shati la bwana mmoja wa benki.

"Shemeji habari za kazi. Nakusumbua. Mama yangu amelala nyumbani kwa maumivu ya mgongo, anachoka kutazama dari. Nitafutie podikasti ya mtu mzima, isiyo na kelele, isiyo na maradhi. Wewe ndiye unayejua." Hapo akacheka kidogo, lakini kicheko kilikuwa kimepungua kitu. "Leo mumeo nusura anipe umaarufu. Ubao umekwama, nimepiga filimbi mpaka mashavu yameuma, mtu anasukuma tu. Msumeno umechukua glovu, shemeji. Glovu imekwenda, mkono umebaki. Nimekaa chini mpaka sasa. Mwambie, mimi kwangu hataki kunisikia. Mwambie mzaha huu sasa basi. Haya, usisahau ya mama."

Wenzake ndio walionusa shati. Walipomtoa pasi mkononi, kifua cha shati kilikuwa na alama ya kahawia yenye umbo kamili la pasi. Mwenye duka akaja mbio, akaanza kusema habari za mteja na za kulipa. Redio alimwambia, "Nikate kwenye mshahara," akachukua mtandio wake, akatoka.

Alisikia mashine kabla ya kuliona lango. Kisha zikazimwa moja baada ya nyingine, kwa sababu chai ilikuwa imefika. Alipoingia, walikuwa wamekaa juu ya magogo chini ya paa la bati, vikombe mikononi, nyusi zimejaa unga wa mbao. Vizibo vya masikio havikuonekana kwa yeyote. Mwaka fulani waliwahi kupewa. Vilipopotea, waliambiwa watumie pamba, na pamba walete wenyewe.

"Ala! Redio mwenyewe!" mmoja akapiga kelele. "Karibu, mpishi wa Mchambuzi!"

"Shemeji, shikamoo zote! Huyu bwana wako ametulisha dawa za nywele wiki nzima."

"Leo tupendekezee wewe kwa kinywa chako, tumechoka na wakala."

Walicheka, wakampisha nafasi, mmoja akafuta gogo kwa kofia. Bonge alikuwa pembeni na mkono wake wa kulia mtupu, anaushika kwa ule wa kushoto kama kitu alichoazimwa. Mume alikaa mahali ambapo nyuma yake palikuwa na ukuta na mbele yake nyuso za wote. Alikuwa ameshamwona mkewe. Alikuwa anatazama mdomo wake.

Redio angeweza kuwageukia wale wanaume na kumpa mume mgongo. Lingesemwa, lingeisha, na mume angekuwa wa mwisho kulijua. Hakufanya hivyo. Alisimama mbele ya mumewe, mwanga ukimpiga usoni, akasema polepole.

"Waambie."

"Twende nyumbani," mume akasema.

"Glovu imekwenda leo. Filimbi ililia, na wewe ulikuwa hujui mpaka ulipoona. Waambie wewe, au nitawaambia mimi."

"Mama Watoto. Binti."

"Bonge naye ana watoto."

Wale wanaume walinyamaza, kwa vile ugomvi wa mke na mume hadharani hunyamazisha hata wambea. Mume alisimama. Alivua kofia, akaikung'uta gotini, akaivaa tena.

"Sisikii," akasema. Alisema kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Filimbi siisikii. Muda mrefu sasa. Sikuwa natania."

Mmoja akacheka, akidhani ndiyo kituko chenyewe. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Bonge alitoka pembeni. Alizunguka mpaka nyuma ya mume, pale penye nafasi ndogo kati yake na ukuta, akaitoa filimbi shingoni, akaiweka karibu na sikio na kuipuliza kwa nguvu zake zote. Wanaume wakashtuka, chai ikamwagika. Redio mwenyewe aliziba masikio. Mume wake aliendelea kumtazama yeye, macho yakimuuliza kwa nini ameziba.

"Nimekula kwako," Bonge akasema kwa nyuma. "Watoto wangu wanakuita baba mkubwa. Na kila siku unanisimamisha nyuma ya msumeno, huku unajua."

Mume hakugeuka. "Amesema nini?" akamuuliza mkewe.

Ikambidi Redio amwambie. Katika yote aliyowahi kumsimulia mumewe, hakuna lililomtoka kwa shida kama hilo.

"Amesema amekula kwako. Amesema watoto wake wanakuita baba mkubwa. Amesema ulikuwa unajua."

Mume akatikisa kichwa kukubali. Aligeuka amtazame Bonge, akafungua mdomo, lakini Bonge alikuwa ameshakwenda kusimama kwenye mashine, amewapa wote mgongo, na huko hakufikiwa na neno.

Msimamizi alikuja akiwa na funguo mkononi. Alisikiliza, akasema mtu huyu aende nyumbani mpaka atakapoitwa, na kwamba kiwanda hakihusiki, vizibo vilitolewa. "Pamba," mmoja wa wapasuaji akanung'unika, akitazama chini. Msimamizi akauliza nani amesema. Hakuna aliyesema.

*

Walitembea kurudi nyumbani mmoja mbele mwingine nyuma. Mume hakugeuka hata mara moja, na asipogeuka hakuna namna ya kumwambia kitu.

Kiwanda hakikumwita. Zilipita siku, wakamwita mwingine ashike msumeno. Yeye alipelekewa ujumbe kwamba kukipatikana nafasi ya kufagia ataambiwa. Redio naye alirudishwa dukani kwa huruma, akikatwa lile shati. Wenzake walikuwa wamepata habari yote kabla hajavua mtandio. Hawakumuuliza lolote, na kutoulizwa huko kulimuumiza kuliko maswali. Alimtafutia mama wa Bonge podikasti ya bibi mmoja anayefuma na kusimulia safari zake, akaituma. Bonge alijibu neno moja: "Imefika." Hakusema shemeji.

Nyumbani mume alikaa kwenye kochi. Hakuwa anagombana, hakuwa anakataa chakula. Ila Redio alipokuja mbele yake na kufungua mdomo, alifumba macho. Taratibu tu, kama anayesinzia. Mara ya kwanza Redio alidhani amechoka. Mara ya pili akaelewa. Wengine wakitaka kumzima mtu huondoka, au hupaza sauti, au huwasha televisheni. Mume wake alikuwa na njia moja, na aliitumia kila siku.

Binti alijaribu kugonga meza. Baba alimfumbulia binti. Mama alipoingia, akafumba tena.

Ikafika jioni moja binti akiwa kwenye masomo ya ziada, Redio akavuta kiti, akakaa mbele ya mume, magoti kwa magoti. Macho yakafungwa.

"Haya, funga," akasema. "Na mimi leo nitasema hivyohivyo."

Akasema. Alisema kwamba amemvua nguo mbele ya watu na angefanya tena, hata kesho. Kwamba kila akimwona Bonge ndotoni hana mkono. Kwamba anamchukia kwa zile jioni, kwa sababu alimwacha apake mafuta midomoni kama msichana huku yeye anatafuta maneno ya kupeleka kazini. Kwamba pamoja na hayo hajawahi kuwa na furaha kama ile, na hajui aiweke wapi sasa. Kwamba alikuwa ameambiwa apunguze miaka yote hiyo, na alipoambiwa aongeze hakuuliza kwa nini, na kutouliza kwake nako ni kosa, lake, si la mtu mwingine. Kwamba anaogopa mwaka huu wa binti. Kwamba anaogopa siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa gizani, usiku, taa imezimwa, na mume hatajua hata kama anamwita. Alilia, akapenga kamasi kwa mtandio, akaendelea. Hakuwahi kusema kwa muda mrefu hivyo pasipo mtu wa kusikiliza.

Alipomaliza aliweka mikono mapajani. Aliona kope za mume zikicheza.

"Umemaliza?" mume akauliza, macho yangali yamefumbwa.

Redio akampiga kidole gotini mara moja: ndiyo.

"Nilijua unasema. Nilisikia ule mvumo, nikahisi na magoti yako." Akafumbua macho. Yalikuwa mekundu. Alisogeza uso karibu, akautazama mdomo wa mkewe kama alivyokuwa akiutazama siku zote. "Rudia. Sikuona hata neno moja."

Redio alijifuta uso wote kwa mtandio. Angeweza kuanzia kwenye furaha, au kwenye mwaka wa binti, na mume asingejua kilichorukwa. Akakaa vizuri, akainua kidevu, akaanza tena tangu pale pa kumvua nguo mbele ya watu.